Uji wa Mtoto Nyaga

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA CHAMA CHA WASOMAJI, MTAA WA MAJIMBO, EMBU, KILICHOFANYIKA SEBULENI KWA MWENYEKITI, JUMAMOSI TAREHE 14 SEPTEMBA 2019

"Kitabu cha uzazi ni cha aliyelea. Wengine wakae wasikize." Mweka hazina alisema hayo kikaoni na akataka yaandikwe. Yameandikwa. Katibu anaandika pia kwamba si kweli. Bw. Ireri hajamnyonyesha mtoto yeyote maishani mwake, na alituzungumzia sura ya kunyonyesha mpaka chai ikapoa, bila kuzuiwa na mtu.

Waliohudhuria:
Mama Kinoti (Bi. Gacheri), Mwenyekiti
Mama Mukiri (Bi. Kagure), Mweka hazina
Baba Wambura (Bw. Ireri), mwalimu mstaafu
Mama Nyaga (Bi. Wanjira)
Mama Njuki (Bi. Karimi), Katibu

Aliyetuma udhuru: Bi. Kiende, anauguza mgonjwa huko Mitunguu.

KUMB. NA. 1/9/2019: KUFUNGUA
Baada ya sala, mwenyekiti alieleza kwamba mwaka huu chama kimesoma riwaya mbili na diwani moja kuhusu umama, zote za waandishi wa siku hizi. Alisema riwaya ya pili ilimliza, pale mzazi anapokaa chumbani peke yake na hakuna jirani anayebisha hodi. Mweka hazina alisema naye alilia. Bw. Ireri alisema yeye hakulia, ila alifunga mlango.

KUMB. NA. 2/9/2019: DIWANI
Bi. Wanjira aliomba kusoma shairi la mama aliyejaa maziwa na hana wa kumnyonyesha. Alikwama, akarudia ubeti. Alipomaliza alisema: "Yangu yalikuja tulipotoka kumzika. Hakuna aliyekuwa ameyaambia."

Kwa wasiojua: Bi. Wanjira alijifungua mtoto wa kiume mwezi Juni. Mtoto alifariki kabla wanachama hawajaenda kumwona.

Hapo ndipo mweka hazina alipotoa kauli iliyonukuliwa juu. Katibu alimjibu kwamba kwa sheria hiyo, riwaya za vita zisomwe na wanajeshi peke yao. Mweka hazina alisema katibu anapenda kesi kuliko wakili.

KUMB. NA. 3/9/2019: YATOKANAYO NA KIKAO CHA JUNI
Bi. Wanjira aliuliza, bila kupandisha sauti, uji wake ulikwenda wapi.

Desturi inajulikana: wanawake wakienda kumwona mzazi hubeba uji wa wimbi. Asubuhi ya kikao cha Juni uji ulikuwa umeshapikwa jikoni kwa mwenyekiti habari ya msiba ilipofika. Bw. Ireri ndiye aliyejibu. Alisema wanachama waliunywa hapa hapa, huku wakiendelea na riwaya. Aliongeza kwamba ulikuwa mzuri, kisha akaomba maneno hayo yafutwe. Hayakufutwa.

Mwenyekiti alieleza kwamba haikuwa dharau. Watu hawaendi kumwona mtoto asiyekuwapo, na walihofia kumtonesha kidonda. Mweka hazina alisema uji ungechacha. Katibu, aliyejiunga na chama Agosti, aliuliza ni kidonda gani hupona kwa kukimbiwa. Mweka hazina alimjibu kwamba mgeni haonji chungu kisha akamfokea mpishi.

Bi. Wanjira alisema: "Mimi nilikuwa nimepanga vikombe."

KUMB. NA. 4/9/2019: JINA
Bi. Wanjira aliomba aandikwe Mama Nyaga, kwa jina la mwanawe, kama wenzake wanavyoandikwa. Mweka hazina alipinga. Alisema Nyaga ni jina la baba mkwe wa Bi. Wanjira, na ukoo umeshampa mtoto wa shemeji yake, kwa hiyo jina limepata mwenyewe. Bi. Wanjira alijibu kwamba walilichukua bila kumwuliza, na kwamba mtoto wake hana jina lingine analoweza kumwita.

Mwenyekiti aliahirisha suala hilo. Bi. Wanjira alikusanya shuka yake na kuondoka. Kwetu mgeni husindikizwa, angalau hadi langoni. Kupitia dirishani alionekana amesimama pale langoni, amegeuka nusu kuelekea nyumba. Mwenyekiti alikuwa akimimina chai. Alipotazamwa tena hakuwapo.

Mwenyekiti aliagiza jina la Mama Nyaga lisiingizwe. Katibu alikataa. Limo hapo juu, na litabaki.

KUMB. NA. 5/9/2019: KUFUNGA
Hakuna aliyekuwa na neno zaidi, au hakuna aliyelitoa. Watu walitawanyika saa kumi na moja jioni bila sala.

Katibu: Karimi (sahihi)
Mwenyekiti: ..............................

Mama Kinoti, usitie sahihi hapo bado. Wewe, Mama Mukiri na Baba Wambura mlikunywa uji usio wenu. Pikeni mwingine Jumamosi ijayo, mwupeleke kwa Mama Nyaga. Msitoe pole mlangoni mkarudi. Ingieni, mketi, mnywe kwa vikombe vyake, kisha mwulizeni mtoto alifanana na nani.