Doa Jekundu Chini ya Buli

Zuhura, mjukuu wangu,

Mungu akuhifadhi huko London na baridi yake. Sisi wazima. Mamako ameshahamia Tononoka, na mguu wangu umepoa, basi usiniulizeulize.

Umeandika kwamba umeona buli la chai kama langu, la kauri, kwenye duka la vitu vya kale. Ukanitaka nikwangue ile rangi iliyo chini yake, tusome limetengenezwa wapi, tujue thamani yake. Nimeligeuza, na kisu nikakishika.

Nikakumbuka siku niliyotoka fungate. Mabuli tuliyoazima mtaani kwa harusi yangu yalikuwa yamepangwa ukumbini yakingoja kurudishwa, yote meupe, yote ya maua ya waridi. Niliambiwa nitengeneze chai kwa buli la nyumbani, lililochanganyika humo humo. Nikasimama tu, mgeni wa watu, nisijue nishike lipi.

Mavyaa wangu, mamake babu yako, akaja akacheka. "Yageuze, mwanangu. Letu lina doa jekundu."

Hakusema langu. Alisema letu. Niliyageuza kwa kuharakisha, asinione machozi.

Tangu hapo buli hilo limeazimwa harusi ngapi, matanga mangapi, hata mdomo umemeguka. Kila mara limerudi nyumbani kwa doa hilo.

Kisu nimekirudisha jikoni. Nimetafuta rangi, nikalikoleza doa. Siku litakapokuwa lako, watu wa dukani wakikuuliza limetoka wapi, waambie limetoka kwetu.

Bibi yako akupendaye