Picha Niliyoitia Masharubu

Mheshimiwa Mshauri Bi Moza,

Assalaam aleikum. Madhumuni ya barua hii ni kuomba uamuzi wako kuhusu picha, na kuhusu binti yangu Nasma aliyeichora.

Mimi ni mkazi wa Kiegeani, mwenye elimu ya darasa la nne na nyingine niliyojifundisha mwenyewe, katibu wa msikiti, katibu wa kikundi cha mwani na mwandishi wa barua za wanakijiji, hivyo Nasma aliponiarifu kuwa amenichora nilivaa kanzu ya Ijumaa nikawaalika majirani washuhudie. Alipofunua kitambaa tukaona mtu mwenye kofia tano zilizopandana, kanzu yake imeshonwa kwa karatasi za barua, mahali pa uso pana muhuri wa mviringo, na kifuani kuna dirisha la ofisi ambalo watu wamepanga foleni mbele yake. Jirani yangu Hafidhi akasema, "Katibu, muhuri umekukaa, lakini futari utaitia wapi?" Wakacheka, nami nikacheka kwa nje.

Kesho yake, Nasma akiwa hayupo, nilichukua rangi ya mashua, nikaufunika ule muhuri na kuweka macho mawili, pua na masharubu, ili picha ilingane na kitambulisho changu. Aliporudi aliitazama sana. "Baba, na huyu ni nani?" Badala ya kumjibu nilimwandikia barua ya onyo, yenye kumbukumbu namba, na nakala kwa shangazi yake. Akahamia kwa shangazi huyo, dada yangu Mwanasha, huko Kanga. Huu ni mwezi wa tatu, simu zangu hapokei.

Mwanasha alipofuata nguo za Nasma alinivuta mbele ya picha. "Kaka, hukumwona mwanao? Huyu hapa, wa mwisho kwenye foleni." Nikamwona: mtoto mwenye sare za shule, ameshika daftari. Alipokuwa darasa la tatu alikuwa akiniletea michoro yake, nami nikimwambia asubiri kwa kuwa nina watu, na leo sikumbuki hata mmoja niliowahi kuutazama.

Je, nimwandikie barua ya pili ya kuomba radhi, au ningoje arudi mwenyewe? Naomba uamuzi.

Muhidini Ukasha, Kiegeani.

BI MOZA ANAJIBU

Waaleikum salaam, Mzee Muhidini. Majuto yako nimeyaona na yamenigusa. Lakini baba mzima unampa mwanao onyo lenye nakala? Kwani umemwajiri? Alikueleza kwa rangi jambo lililomshinda kulisema kwa miaka, nawe ukamsahihisha. Na hayo masharubu, mzee wangu, hata sijui niseme nini.

Barua ya pili usiandike. Wazee usitume, wala maneno usimpitishie Mwanasha. Picha usiikwangue, si yako. Nasma ndiye atakayeamua. Nenda Kanga mwenyewe wiki hii. Sema, "Mwanangu, nimekosa, nisamehe," kisha nyamaza. Akikulaumu, usijitetee. Akikufungia mlango, rudi nyumbani, na wiki inayofuata nenda tena. Siku atakayokukaribisha, mwombe akuonyeshe anachochora sasa, kaa chini, utazame mpaka yeye aseme basi.