Beki Niliyemwondoa Mbele ya Lango

Mghange, Jumapili, Julai 1979

Ukungu umeshuka tangu alfajiri. Hata mgomba ulio nyuma ya jiko siuoni. Mama amekwenda kanisani akiamini nina mafua. Sina mafua. Ninaogopa kutazamwa.

Tangu jana alasiri ninasikia sauti moja tu: mpira wa magongo, ule mgumu kama jiwe, ukigonga mfupa wa uso wa Wakesho.

Niandike kwa utaratibu, maana nisipoandika nitaanza kujitetea, na kujitetea ninakujua mno.

Mwaka jana shule yangu ya zamani, hii ya wasichana iliyo hapa juu mlimani, ilishindwa kila mechi ya magongo iliyoshuka kucheza Voi. Bao moja, wakati mwingine mawili. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo kikuu, kichwa kimejaa maneno ya mapambano, na katika mkutano wa wanafunzi wa zamani nilisimama nikamhukumu kocha, Mwalimu Mwadime, ambaye hakuwepo. Nilisema matokeo ndiyo hakimu pekee asiyehongwa. Nilisema kocha wa Voi anashinda kwa sababu ni jasiri na wetu anashindwa kwa sababu ni mwoga. Ni nani mwingine, niliuliza, angemsimamisha Mghoi, beki wake bora, kama kigingi hatua tatu mbele ya lango mechi nzima? Wakanipigia makofi. Nikaandika barua, tukaitia saini. Mwalimu Mwadime akanyang'anywa timu, na kabla ya mwaka kwisha akaomba uhamisho, akaenda kufundisha shule ya msingi kule Mbololo.

Sikuwahi kushika gongo maishani mwangu. Nilikuwa mtu wa midahalo.

Sikujiuliza swali jepesi kuliko yote: mtu huyu alipewa nini, ndipo tumdai ushindi?

Wasichana wa Voi ni watoto wa wafanyakazi wa reli. Wamekua kando ya uwanja tambarare, wakirithi magongo ya kaka zao. Wetu wanajifunzia kwenye kiwanja kilichokatwa ubavuni mwa mlima. Ukipiga kwa nguvu, mpira unaishia katika kabichi za watu bondeni, na mazoezi yanasimama mpaka uokotwe, kwa kuwa ni huo huo mmoja. Ndiyo maana Mwalimu aliwafundisha pasi fupi fupi. Magongo sita aliyachonga mwenyewe. Kwa kikosi kile, kufungwa bao moja na Voi ilikuwa kazi ya fundi. Na kiwanja kile nilikipita kila siku kwa miaka minne nikienda darasani. Sikukiona.

Mwezi uliopita mwalimu mkuu, mama mpole asiye na mtu mwingine wa kumpa timu, aliniambia: "Basi njoo wewe, binti, ututoe aibu." Nilikwenda na kitabu nilichoazima maktaba ya chuo.

Siku ya kwanza niliwatangazia wasichana kwamba visingizio nimevizika. Nikamwamuru Mghoi apande acheze katikati ya uwanja. Akatazama chini, akasema, "Dada, mimi hukaa karibu na Wakesho."

Nikamuuliza kama Wakesho ni mtoto mchanga anayetafutiwa yaya.

Wote wakacheka. Wakesho mwenyewe, kipa wetu, msichana mrefu wa kidato cha tatu, alicheka kuliko wote. Kicheko kile nimekikumbuka leo mara nyingi.

Jana Voi jua lilikuwa kali na vumbi jekundu limetanda. Tulipoingia uwanjani vijana wa mjini walituambia tusihangaike, hapa hakuna kabichi. Wasichana wangu walipiga mipira mirefu kama nilivyowaagiza, na mipira mirefu ikarudi kama ilivyokwenda. Kufikia mapumziko tulikuwa tumefungwa manne. Niliwahutubia. Ee Mungu wangu, niliwahutubia.

Kipindi cha pili winga wao alivuka mstari akapiga. Sikuutazama mpira, nilimtazama Wakesho. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni mlangoni.

Kisha ile sauti.

Aliyemfikia kwanza hakuwa mimi. Alikuwa Mwalimu Mwadime. Kumbe alikuwa ametoka Mbololo, akaketi miongoni mwa watazamaji bila kujionyesha. Alipiga magoti mavumbini, akamwinua kichwa, akamwambia Mghoi amshike mkono na asiache kusema naye. Halafu akanigeukia. Nilingoja anitukane, ningemshukuru.

"Ulimwondoa Mghoi mbele yake?"

Basi. Gari la hospitali lilipofika alipanda nalo, nami sikuwa nimemjibu.

Mghoi alinieleza yote jana hiyo hiyo, tukiwa kwenye benchi la hospitali, Mwalimu akiwa ndani na mgonjwa, viatu vya Mghoi bado vina vumbi. Jicho la kushoto la Wakesho lilipofuka kwa surua utotoni. La kulia linaona vya karibu tu. Mwalimu alipogundua, Wakesho alimsihi asimwambie yeyote, maana shule ingemtoa langoni, na lango ndilo mahali pekee ambapo hakuna aliyemhurumia. Mwalimu akakubali kwa sharti moja: Mghoi awe jicho lake. Akae mbele, azuie, amwambie kulia, kushoto, toka. Misimu miwili hakuna mpira uliomgusa usoni. Wakati huo tulikuwa tukimwita Mwalimu mwoga, naye alijua tunamwita hivyo, akanyamaza.

Je, alikosea kumwacha acheze? Hoja hiyo ninayo. Nimeinoa tangu asubuhi na ingepokewa vizuri katika ukumbi wowote. Lakini kila nikiifikisha mwisho ninamwona Wakesho ameinamisha kichwa, anasubiri sauti ya Mghoi, na Mghoi yuko mbali, pale nilipompeleka mimi.

Mpira ulimpiga upande wa kulia.

Daktari amesema uvimbe ushuke kwanza, pengine Jumanne, ndipo ajue kama jicho limepona. Mama yake Wakesho alinishika mikono yote miwili akanishukuru kwa kujitolea kwangu. Sikuwa na ujasiri wa kumzuia.

Barua ile ingali katika faili la mwalimu mkuu, jina langu likiwa la kwanza. Nitaandika nyingine, niombe isomwe mbele ya watu wale wale walionipigia makofi. Hiyo ni rahisi. Kuandika sijawahi kushindwa.

Kazi ngumu ni ya kesho asubuhi. Nitashuka Mbololo, nisimame mlangoni pa darasa lake, nimjibu alichoniuliza.

Ndiyo, Mwalimu. Nilimwondoa.