Sufuria Yangu Ndogo

Jumatatu, 3 Februari 2014

Presha! Wenzangu wote wamepita usaili wa walinda amani, mimi nimebaki kwenye benchi na kile kitambaa cha daktari mkononi. Alipima, akasema nipumzike. Akapima tena, akatikisa kichwa. Mbio nilimaliza — wa mwisho kati ya wanawake, lakini nilimaliza. Presha ndiyo imenikataa. Daktari anasema mwili umezidi, na mtu kama mimi hawezi kumpeleka Mogadishu avae jaketi la kuzuia risasi kwenye joto lile. Kanipa mpaka mwezi ujao. Nipungue, presha ishuke, nirudi.

Nikarudi kambi ya polisi, kwenye yunipoti yetu, kibanda cha askari. Mabati juu, mabati pembeni, joto la kuokea mkate. Miaka sita humu ndani na mume wangu Odera. Miaka saba nalinda mlango uleule wa benki, bunduki begani, madam karibu, ssebo fungua begi. Nataka kwenda. Mungu wangu, nataka kwenda!

Odera alikuwa anakaanga samaki. Akasema pole, mama. Akanipa kichwa cha sangara, anajua nakipenda. Nilikula chote, na mchuzi nikapangusa.

Jumatano, 5 Februari

Nimeenda kwa Wanjala, Mkenya mwenye jimu pale Namuwongo, kando ya reli. Vyuma vyake ni makopo ya rangi yaliyojazwa saruji. Mtu mfupi, sauti kubwa! Akaniuliza nafanya mazoezi gani. Nikasema nakimbia. Kukimbia tu? Ndiyo. Akacheka.

Kwake ni hivi: siku tatu vyuma, siku tatu mbio za polepole, mwendo ambao mtu bado anaweza kuongea. Jumapili kupumzika. Na chakula — hapo alikazia. Maharage, samaki wa kuchemsha, mboga nyingi, ugali kidogo, mafuta kijiko.

"Na chumvi, afande. Chumvi acha kabisa. Hata ukiinua saruji yote ya Kampala, ukirudi nyumbani ukakula chumvi, presha iko palepale."

Nilimweleza Odera. Alikuwa mpishi wa hoteli mpaka hoteli ilipofungwa, sasa anauza samaki nje ya geti la kambi. Alisikiliza vizuri. Kisha akatoa sufuria ndogo uvunguni, akaisugua. Hii ni yako peke yako, akasema, mimi nitakupikia humu bila chumvi. Nilitaka kulia. Mwanamume gani mwingine kambini angefanya hivyo?

Jumapili, 9 Februari

Mapaja! Kuchuchumaa chooni ni adhabu. Wanjala ananichuchumaza na kopo kifuani mpaka miguu inatetemeka kama ya ndama.

Asubuhi Odera alimpelekea Ojok uji, kama kila siku. Ojok wa yunipoti ya jirani, aliyekwenda Mogadishu, bomu likamrudisha. Anakaa kwenye kiti nje tangu mwaka jana. Mkewe Alum ndiye humfunga vifungo vya shati. Nikipita pale huwa naangalia upande wa bomba la maji.

Alhamisi, 20 Februari

Mkanda wa yunifomu umeingia ndani matundu mawili. Nakimbia kwa kufuata reli, kwenda na kurudi, bila kusimama. Mikono imekaza. Lakini nesi wa zahanati amenipima leo — presha haijashuka. Imepanda kidogo!

Wanjala akakuna kichwa. Unakula nini? Nikamtajia. Unalala? Nalala. Akasema labda ni ya ukoo, mama yako je? Mama hakuwahi kupimwa, nitajuaje?

Naogopa. Nafanya kila kitu na mwili umenifungia mlango. Nikajiona nazeeka pale benki.

Jioni nikamwambia Odera angalau chakula chake ni kitamu hata bila chumvi. Akasema ni ufundi. Hakucheka.

Jumamosi, 22 Februari

Zamu ilifutwa, nikarudi mchana.

Odera alikuwa amenipa mgongo, amechuchumaa mbele ya sigiri. Sufuria ndogo iko motoni. Nilitaka kumshtua. Akapeleka mkono nyuma ya jerikeni, akatoa kaveera, kimfuko cha plastiki. Magadi. Akatia kwenye mboga. Halafu chumvi, kijiko kizima. Akakoroga, akaonja, akakamulia limau kuficha ukali. Polepole, kwa uangalifu, kama mtu anayempikia mgeni wa heshima.

Nikarudi nyuma bila kelele. Nikakimbia na buti zangu za kazi mpaka Namuwongo. Si mwendo wa kuongea. Nilisimama relini, nikageuka.

Jioni akaandaa. Nikabadilisha sahani, yangu nikamsogezea.

"Leo kula hii yangu."

"Hiyo ya diet, mama, haina ladha."

"Kula, Odera."

Akanitazama. Akajua kwamba najua. Akakata ugali, akaanza. Alikula mboga yote, na mimi nikamwangalia mpaka mwisho. Kisha akanywa maji, kikombe baada ya kikombe.

Jumapili, 23 Februari

Ameongea asubuhi, tumekaa kitandani migongo ukutani.

"Mimi ndiye namlisha Ojok. Kijiko kwa kijiko. Uji unamwagika hapa, napangusa. Wewe unaangalia bomba. Mimi siwezi kuangalia bomba."

Nikamwambia presha inaua! Ungeniua humu humu ndani! Akasema alifikiri nikishindwa mara ya pili nitachoka, basi, atarudi kunipikia vizuri. Akasema mimi si mtu wa hapa, Aloyo, kwetu ni Siaya kule Kenya, mtoto hatujapata, nimebaki Kampala kwa sababu yako tu. Ukienda nabaki na nani? Na hii mabati?

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungebaki?"

Nikasema hapana.

"Haya," akasema.

Yunipoti iko kwa jina langu. Ningeweza kumtoa leo, na kambi nzima ingenisaidia kutupa vitu vyake. Nimezunguka na hasira siku nzima natafuta mahali pa kuiweka. Saa hizi anapiga pasi yunifomu yangu. Mshono wa suruali umenyooka kabisa. Ningependa awe mtu mbaya.

Jumatano, 26 Februari

Napika mwenyewe. Maharage yameungua. Odera ameketi mlangoni, mikono mapajani, ananiangalia nikiharibu. Mara moja alinyanyuka kupunguza moto. Nikamtazama. Akaketi.

Jumatatu, 10 Machi

Imeshuka! Nesi alipima mkono huu na mkono ule. Imeshuka! Wanjala alipiga kopo la saruji kwa kijiti kama ngoma, jimu nzima ikashangilia, banange!

Na Odera... Leo asubuhi nilisikia mtu anahema nyuma yangu relini. Yeye! Malapa miguuni, tumbo linatangulia. Akasema kama siwezi kukuzuia, acha nikimbie na wewe. Alifika kwenye vibanda vya kwanza, akashika magoti. Nilicheka. Mara ya kwanza tangu ile siku. Nikamngoja, tukarudi tukitembea, na alinishika mkono mbele ya watu.

Laiti asingenishika.

Ijumaa, 21 Machi

Nimepita. Daktari alipima mara moja tu, akaandika, akasema ninyi mnaofuata maagizo ni wachache. Wamesoma majina uwanjani. Lori la Entebbe linaondoka Jumatatu asubuhi.

Njiani nikapanga maneno. Odera, keti. Odera, nisikilize. Nilifika nikamkuta mkekani anapima viatu vya mitumba, ametoka kuvinunua Nakivubo. Vya kukimbilia. Akainua kichwa, akanitazama usoni.

"Wamekataa tena," akasema.

Sijui uso wangu ulikuwaje. Nilifungua mdomo. Akasimama na kiatu kimoja mguuni, akanikumbatia. Pole, mama, pole. Mwili wake wote ukalegea juu yangu, mzito, kama mtu aliyetua mzigo. Akasema safari hii hakutia kitu, Mungu shahidi. Nikasema najua.

Hayo tu ndiyo niliyosema. Najua!

Jumamosi, 22 Machi

Ameamka anaimba. Ameomba apike leo, nikamruhusu. Bila chumvi — nilionja mwenyewe. Anasema ameshaongea na Wanjala, anaanza vyuma Jumatatu. Tuanze wote wawili, eti, tuzeeke na miguu mizuri.

Begi langu la safari liko kwa Alum. Nililipeleka wakati Odera amekwenda kuchota maji. Alum alimwangalia Ojok kwenye kiti, akaliangalia begi, akalisukuma chini ya kitanda. Ojok alinitazama pia. Leo sikuangalia bomba. Nilimfunga kifungo kimoja kilichofunguka, nikaondoka haraka.

Nitamwambia leo, tukikimbia. Kabla ya vibanda, wakati bado ana pumzi ya kujibu. Au tukirudi. Tukirudi atakuwa amechoka, hatapiga kelele. Hapana, si hivyo, hajawahi kunipigia kelele.

Yuko nje. Anarukaruka na viatu vyake, nasikia vishindo. Anamwambia mtu kwamba mke wake ni mvivu leo.

"Aloyo! Jua linapanda!"

Nakuja, nimesema. Viatu nimeshavaa.

Anaita tena.