Alama Saba kwenye Kichaka cha Bibi

Nyumbani, nyuma ya karakana ya seremala,
Jumapili, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa Kitindamimba,

Hujambo, mdogo wangu? Kazi yako ya majokofu inakwendaje huko, na kifua, na usingizi? Najua swali la hali huwa tunalipita mbio ili tufike kwenye habari, lakini leo naomba ulisome mara mbili. Sisi hatujambo. Mama magoti yanamsumbua kidogo ila mdomo uko salama, bado anamgombeza seremala kila asubuhi kwa vumbi lake.

Picha uliyotuma mwezi jana iko juu ya kabati. Mama anaitazama kila akipita, anasema kola ya shati imekuwa pana. Nikamwambia labda ni shati jipya. Akasema, "Shati nimelishona mwenyewe, nitaacha kulijua?"

Sasa habari za kazi, na usinicheke. Tangu Bibi atutoke mwaka jana nilikuwa na hamu ya kukipima kile kichaka chake cha karibu na bafu, ambacho sote tumenyweshwa majani yake huku tumekunja uso. Unakumbuka hakuwa akichuma hivi hivi. Siku moja kabla alichukua mwiko wake mzito akagonga shina, upande wa kushoto kwa sababu alikuwa wa mashoto, na sisi wajukuu saba kila mmoja alikuwa na idadi yake kwa kufuata kuzaliwa. Mimi nne, wewe wa mwisho saba. Alisema anakipa kichaka habari ya nani anaumwa. Tulikuwa tukimwigiza nyuma ya mgongo wake.

Kule maabara ninakofanya kazi nilianza na majani yasiyogongwa. Nikayasaga, nikayaloweka. Alkaloidi, zile kemikali chungu za mimea, kidogo; tanini tele, ndio ule ukakasi unaoujua. Nikalowesha kikaratasi kwa maji yake, nikakiweka katikati ya sahani ya bakteria. Wakaota mpaka ukingoni mwa kikaratasi, hawana habari. Niliona aibu kwa niaba ya Bibi.

Halafu nikagonga shina kwa kipande cha ubao wa seremala, kwa utani tu, nikachuma kesho yake. Safari hii kikaratasi kilizungukwa na duara safi, pana kama kifungo cha koti, ambamo hakuna kilichoota. Na kwenye kile kioo tunachotenganishia kemikali, ambapo kila moja hupanda hadi mahali pake ikasimama, palikuwa na doa la buluu lililowaka chini ya taa ya urujuani. Majani ya kwanza hayakuwa nalo. Mkuu wa maabara hakushangaa. "Mmea ukiumizwa hujitengenezea kinga," akasema. "Bibi yenu alikuwa mwanakemia, koti tu hakupewa." Nilifurahi hadi machozi yakanitoka. Akanionya pia kwamba kuua bakteria kwenye sahani si kumponya mtu, na hilo na wewe ulishike.

Tangu hapo sijagonga tena; kila Jumatatu nachuma majani yasiyogongwa, ya kulinganishia. Kazi ya kuchosha, kioo kitupu juma baada ya juma. Kisha mwezi jana, Jumatatu moja, doa la buluu likatokea. Jumatatu ya pili likatokea tena. Nikadhani ni mama anayegonga, nikamuuliza. "Mwiko nimeufungia kabatini tangu tulipomzika," akasema, "na humu ndani hakuna mgonjwa. Nigonge kwa ajili ya nani?" Akanionyesha. Ulikuwa umeviringishwa kwenye kitambaa kama alivyouweka.

Mimi ni mtu wa vipimo, unanijua. Nikalizungushia shina karatasi nyeupe za kuchujia, nikazifunga kwa uzi na lile fundo langu unaloliita fundo la ubahili, ambalo hakuna mtu mwingine anayeweza kulifunga. Jumatatu iliyopita nililikuta vilevile. Nikalikata kwa mkasi, jua limewaka, seremala anapigilia misumari upande wa pili wa ukuta. Karatasi zilikuwa na alama za kubonyea, upande wa kushoto, moja juu ya nyingine. Nikazihesabu, kisha nikamwita mama ahesabu bila kumwambia nimepata ngapi. Alipofika saba alikaa chini pale pale.

Naogopa, sikufichi. Nikikupigia hupokei, unaandika "niko poa dada, kazi nyingi." Sitaki poa. Nenda hospitali wakupime damu, kifua na chochote wanachoweza kupima. Wakikuuliza sababu, waambie una dada mwenye wazimu. Humu nimetia kifurushi cha majani ya Jumatatu hiyo. Usiyaguse kabla daktari hajakuona. Mama ndiye aliyesisitiza niyatie, na sikuwa na nguvu ya kumbishia.

Shangazi anakusalimu, anauliza kama umepata mchumba au umeamua kuoa jokofu. Kaka mkubwa, mkewe na mapacha wanakusalimu. Hata seremala anakusalimu, mama akiwa hasikii. Mungu akutangulie ulalapo na uamkapo, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kuliko ninavyosemaga,
Bi Vichupa

Jumatatu, saa sita mchana. Bahasha nilishaigundisha, nimeichana. Asubuhi nimepima majani ya leo na doa halipo. Kioo ni kitupu kama zamani. Nikaomba ruhusa, nikakimbia nyumbani kumpa mama habari njema. Nilimkuta anakunja nguo. Akasema Bibi alikuwa akiacha kugonga kwa mambo mawili tu. La kwanza, mgonjwa amepona. La pili nilimsubiri aliseme, hakulisema. Alikuwa ameshika shati lako la zamani, akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

Barua ikikufikia usijibu kwa maandishi. Piga simu useme "sijambo" kwa sauti yako, na mama asikie.