Winchi Yako Imefika, Athumani

Athumani, mtani wangu,

Ile winchi yako ndogo imefika. Ilikuja na lori la kutoka Mwanza, katikati ya marobota ya khanga na madebe ya mafuta ya taa, na Bwana Premji wa dukani akatuma mtu anifuate kazini. Nilidhani ni habari za mke wako. Kumbe ni kisanduku cha mbao chenye jina lako juu, limeandikwa kwa wino mweusi, herufi zote zimesimama vizuri. Nililisoma mara ya kwanza, nikalisoma tena, halafu nikamwambia Bwana Premji kwamba mwenyewe hayupo. Akasema anajua, ndiyo maana ameniita mimi.

Umeshazikwa na mimi sikuwepo. Habari ilinikuta hapa Geita wakati watu wa Kolandoto, kwao mkeo, wameshatoka makaburini na kunawa mikono. Unajua mimi na wewe tulivyo. Msukuma na mtu wa pwani ni watani, na mtani akifa, mtani wake ndiye anayeuvuruga msiba: anaziba njia jeneza lisipite, anadai vitu vya marehemu, anamtukana maiti mpaka wanaolia wacheke. Matusi yako nilikuwa nimeshayapanga tangu ulipoanza kukohoa, Mungu anisamehe. Ndivyo tulivyouchukulia ule ugonjwa, kwa kuucheka. Sasa matusi yote ninayo na sina pa kuyapeleka.

Hapa mgodini wamenipa mwenzangu mwingine wa kushika winchi ya kushusha watu shimoni, mtu wa Tukuyu, mpole sana. Ninalosema lolote anajibu ndiyo. Nikisema mvua itanyesha, ndiyo. Nikisema haitanyesha, ndiyo. Wewe ungenibishia hata saa, na saa iko ukutani tunaiona wote. Zamu zimekuwa ndefu, Athumani. Kengele ya shimoni ikilia nafanya kazi yangu, isipolia nakaa nasikiliza mashine.

Picha yako uliyoikata kwenye kitabu cha bidhaa cha yule injinia bado iko ukutani pale ulipoibandika. Winchi ya kuvulia samaki, inafungwa kwenye ufito, imetengenezwa maalumu kwa maji ya chumvi, haili kutu, inatupa mshipi mbali kuliko mkono wa mtu yeyote. Ulikuwa unatusomea maneno hayo kila siku mpaka wapagazi wa mawe wakayajua kwa kichwa. Ulisema mkataba ukiisha utarudi kwenu Tanga, utasimama kwenye miamba na kitu hicho, na samaki kolekole watakujua kwa jina. Nami nikakwambia umeuziwa picha, kwamba kitu chenyewe kikija kitakuwa cha kuchezea watoto. Ukasema mtu wa ng'ombe atajulia wapi habari za bahari. Tulibishana hivyo kipupwe na masika, mpaka ukaagiza kweli.

Mkeo, Shemeji Kabula, ameleta ujumbe kwa dereva wa lori. Amesema: "Mwambie shemeji aitazame yeye. Ikiwa nzima abaki nayo, ikiwa mbovu airudishe." Bwana Premji naye akasema wenye mali huko Ulaya wanakubali kurudishiwa kitu kibovu, ila nisikae nacho sana. Kwa hiyo nimekuwa hakimu wa ubishi wetu, na mshitaki ni mimi mwenyewe. Nikasema vizuri, nitaitoa kasoro hata kama imejificha ndani ya msumari.

Nilianza kama tunavyoanza winchi yoyote. Nikaushika mkono wake nikautikisa kulia na kushoto, nione kama unacheza. Hauchezi. Nikaiweka sikioni nikazungusha polepole, nikisikiliza gia. Hakuna mkwaruzo, hakuna kigugumizi, unasikia mlio mmoja laini wa mafuta. Kilichonishangaza ni ngoma yake. Kwenye winchi yetu ngoma ndiyo inayozunguka na kukusanya kamba. Hii imetulia tu, inapanda na kushuka taratibu, na kuna waya umepinda unaoizunguka na kuulaza mshipi juu yake. Niliuangalia mshipi ulivyojipanga, uzi kando ya uzi, hakuna uliopanda mgongoni kwa mwenzake. Wewe na mimi tumelaza kamba ya chuma miaka yote hiyo kwa jicho na kwa fimbo, na bado ilikuwa inapandana. Niliudhika kidogo.

Nikasema basi, kutu. Hapo ndipo utakapocheka. Nilinunua chumvi nikaikoroga na maji ndani ya karai kubwa la mke wangu, Mama Nyamizi. Sikujua bahari ina ukali gani. Nilikumbuka uliniambia mtu akimeza funda moja anakohoa na machozi yanamtoka, basi nikawa naongeza chumvi na kuonja. Nilipomeza funda nikakohoa na machozi yakanitoka, nikajua imefika. Mke wangu alikuwa mlangoni. Akaniuliza ninapika nini. Nikamjibu, bahari. Hakucheka, alikwenda zake kuchambua mchicha.

Nikatumbukiza winchi yako humo pamoja na msumari na nati ya zamani, nikafunika na kawa. Kila nilipotoka zamu nilifunua. Msumari ukawa mwekundu, nati ikaanza kutoa maganda, na winchi yako inang'aa vilevile kama ilivyotoka sandukuni. Nilizichomoa gololi zake kwa bisibisi ndogo nikazitazama kwa jua. Safi. Jirani yetu wa upande wa kisimani alimwambia mke wangu kwamba msiba umenigusa akili, nipelekwe kwa mganga. Bwana Premji naye, kila nikipita, "Masanja, sema basi, nzuri ama mbaya?" Nami kila mara namwambia bado, kuna kitu sijakipima.

Mama Nyamizi ndiye aliyenishika. Nilikuwa nimeketi uani, nimeifungua tena kwa mara ya sijui ngapi, akasimama mbele yangu akaziba jua. Akasema, "Baba Nyamizi, unatafuta ubovu wa mashine, au unamtafuta Athumani?" Niliendelea kufuta gololi. Ni kweli kwamba kila nilipoishika nilikusikia unabisha. Nikisema haya ni mabati tu, nasikia unavyonicheka. Nilijua nikishatoa hukumu, iwe nzuri iwe mbaya, tumemaliza mazungumzo.

Siku ile ile nikapata kasoro. Niliuvuta mshipi kwa nguvu huku nimeushika mkono, na ngoma ikateleza. Breki haishiki! Nilikaza nati ya mbele kidogo, nikavuta, ikateleza tena. Athumani, nilifurahi mpaka nikaona aibu. Sisi watu wa winchi, breki inayoteleza tunaijua ni nini. Watu wako ndani ya ndoo kubwa ya shimoni, giza chini yao, na mkono wako uko juu ya breki. Ikiteleza hata upana wa kiganja, roho inakuruka. Nikamwambia mke wangu, nilikuwa na haki, wamemuuzia takataka. Nikaanza kuirudisha kwenye sanduku lake. Halafu nikaona si haki kukuhukumu bila kukupeleka ziwani.

Jumapili nikaifunga kwenye ufito wako, ule wa mwanzi ulioniachia, nikapanda baiskeli mpaka Nungwe. Njia nzima nilikuwa naendesha upande wa kushoto, nimekuachia wewe upande wako, sijui kwa nini. Nikapanda kwenye ule mwamba wetu ambao mamba hawaufikii. Sikuweka ndoana kwanza. Kila zamu tunashusha ndoo tupu kabla ya kushusha watu, basi nami nikatupa mshipi mtupu, nikaukusanya, nikatupa tena. Uliruka mbali, Athumani. Uliruka mpaka nikasimama wima kuutazama unakoangukia, na sikusikia mtu wa kuniambia, umeona?

Nikaweka chambo. Nikaikaza ile breki mpaka mwisho, nati ikagoma kwenda, nikaridhika kwamba sasa inashika kama inavyotakiwa. Kambare akaja. Alikuwa mkubwa, mkono wangu uliniambia kabla sijamwona. Akavuta, ngoma ikashika kama mwamba, ufito ukakunjika, na mshipi ukakatika kwa mlio mmoja. Nilibaki nimesimama na mwanzi mtupu. Nikasema kwa sauti, unaona? Mbovu!

Nilikaa chini nikala muhogo wangu. Na hapo, wakati natafuna, nikakumbuka jambo ulilowahi kuniambia tukiwa pale pale, nami nikaliona ni majigambo ya pwani. Ulisema: "Samaki mkubwa humfungii breki, bwana. Unamwachia akimbie, ila akimbie kwa kulipa." Nilikwambia kwa maneno hayo ungeshaua shimo zima la watu. Tukacheka, tukaondoka. Sikufikiria zaidi.

Nikailegeza nati. Nikaivuta kwa mkono, nikailegeza tena, mpaka ikawa inateleza kwa uzito fulani, si kwa ulegevu. Nikatupa. Alipokuja mwingine, akakimbia kuelekea kwenye matete, na winchi yako ikalia. Ililia kwa sauti nyembamba mfululizo, ikimpa mshipi na kumnyima hapo hapo. Mkono wangu wote ulitaka kuikaza. Miaka yangu yote ya kazi ilikuwa ndani ya kile kidole gumba, inaniambia kaza, kaza, watu wanakufa. Niliuma meno nikaiacha. Yule kambare akakimbia mpaka akachoka mwenyewe, nami nikamrudisha polepole, akakimbia tena, nikamwachia tena. Nilipomfikisha kwenye mwamba alikuwa mrefu kama mguu wangu, na mshipi ulikuwa mzima, haujapata hata mkwaruzo.

Niligeuka kukwambia.

Sitaandika nilivyokuwa baada ya hapo. Ziwa lilikuwa limetulia, kulikuwa na wanawake wanafua mbali kule, na mimi nilikuwa nimemshika samaki masharubu, nimetazama upande ambao huwa unakaa. Nililia, Athumani. Kifo chako nilikisikia nikiwa zamu nikaendelea kushusha watu, usiku nikala, asubuhi nikarudi kazini. Nikalia kwa sababu ya samaki.

Jana nimepita dukani. Bwana Premji aliinua macho, safari hii hakuuliza. Nikamwambia ni nzuri. Nikamwambia inalaza mshipi vizuri kuliko winchi ya kampuni, haili kutu, haina mchezo kwenye mkono, na breki yake inajua kazi yake kuliko aliyekuwa anaipima. Akasema, "Basi, imekwisha." Akalivunja lile sanduku la mbao, atie mbao kwenye rafu yake. Nikatoka nje na winchi yako ndani ya kapu, na kweli niliona kwamba imekwisha. Wewe ulitaka ubishi ule uishe kwa wewe kushinda, nami kwa mimi kushinda. Sasa natamani tu ungeendelea.

Nitaitunza. Kila nikitoka Nungwe nitaipangusa na kuitia mafuta, na Mungu akinijalia nauli ya treni mpaka pwani, nitaipeleka Tanga kwenye ile miamba yenu ikaonje chumvi yake halali. Kambare nilimpelekea jirani wa kisimani, apate kuamini kwamba nina akili zangu. Mama Nyamizi anakusalimu. Nyamizi ameanza kutembea.

Likizo yangu ni baada ya mavuno. Nitakuja Kolandoto. Shemeji Kabula nimeshamtumia salamu awaite kaka zake wote na majirani, wasimame pale ulipolala. Unajua mtani hakiri kushindwa mbele za watu, hata akipigwa. Mimi nitakiri, na kwa sauti. Nitasema Athumani alikuwa na haki na Masanja alikuwa mjinga. Kisha najijua, nitatega sikio, nikusubiri unitukane.

Lala pema, mtani wangu.

Masanja