Kumkanda Salma

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na lile goti liwe linakuacha ulale. Sisi huku London tu wazima, ila uzima wenyewe ni wa kusema tu. Kwenye simu nilikwambia Salma amejifungua salama, mtoto wa kike, na mengine yote ni shwari. Mengine si shwari, lakini kwenye simu ningelia.

Ule mkono wangu haukuteguka kidogo kama nilivyokwambia. Mzee ninayemhudumia aliteleza akitoka kitandani, nikamdaka, na kifundo kikapinda kinyumenyume. Picha zimeonyesha kano inayoshikanisha vijifupa vya hapo imechanika. Anayenifanyisha mazoezi ni mama mmoja wa Kikongo, akanambia, "Misuli yako iko muzima, mama. Lakini mifupa ya hapa inalegea, basi nguvu inakosa pa kukamatia." Sasa kigasha nacho, hapa chini ya kiwiko, kimesinyaa. Hata kifuniko cha achari kinanishinda.

Basi Salma, huyu ninayemsemesha Kiswahili akanijibu Kiingereza, ndiye aliyeniomba mwenyewe: "Mum, nikande like Bibi did you." Nilifurahi, Mama! Nikachemsha maji, nikapasha mafuta ya nazi, nikamlaza juu ya leso. Taulo likanishinda kukamua. Akainuka akalikamua yeye, mzazi mbichi, kisha akalala tena.

Nikaanza kiunoni. Kila nikikaza, kifundo kinawaka kama kimetiwa pilipili na vidole vinaachia. Mkono wa kushoto peke yake ungefanya nini? Nilikuwa nampapasa tu kama mtu anayebembeleza paka.

Unakumbuka uliponikanda nilipomzaa kaka yake? Niliutukana ukoo mzima, na wewe hukunisikiliza. Ulisema mzazi asiyelia hajakandwa. Salma alifumba macho, ametulia. Nilipomaliza akasema, "Thank you, Mum. That was lovely." Alisema kwa adabu, kama anavyomshukuru mtu aliyemshikia mlango. Moyo uliniuma kuliko mkono.

Sasa anawaambia wenzake wa kazini kwa simu kwamba amekandwa na mamake, Kimombasa hasa. Anadhani ndiko kukandwa. Kiuno kinamuuma, naona akiinuka anavyojishika, lakini hasemi, na mimi siulizi. Daktari hajui kama nguvu zitarudi zote. Arubaini ya uzazi haingoji mkono wangu upone.

Nisalimie dada yangu mkubwa, najua ndiye anayekusomea, na asiruke maneno. Msalimie mjomba wa dukani. Na shangazi umwambie mtoto hakuchukua pua yake, tunamshukuru Mungu.

Ijumaa Salma atakupigia, akusimulie kwa maringo yote. Mwitikie, Mama, umpe hongera. Ila nakuomba sana, usimwulize kama alilia.

Nakubusu mikono yote miwili,
mwanao Rukia